Mafua ya Roger

Baraka, tarehe 14 Novemba 1956

Kwa mdogo wangu Bonaventure,

Nakusalimu wewe, mke wako Pulchérie na watoto. Sisi tupo. Georgette, mkwe wangu, tumbo limeanza kumlemea na miguu inavimba jioni, lakini anakula. Mbuzi mweusi amezaa wawili, mmoja amekufa. Mihogo ya nyuma ya nyumba imechimbuliwa na nguruwe wa jirani, na jirani anasema huyo si nguruwe wake. Paa bado halivuji.

Norbert, dereva wa kamio ya pamba, ameniambia kwamba alikufikishia habari ya mwanangu Roger, kwa hiyo sitairudia yote. Alikwenda kuvua ndagala usiku ule wa upepo, kwa mtumbwi wa shemeji Alphonse. Mitumbwi mingine ilirudi. Walimtafuta mpaka Ubwari, wakaokota kasia moja. Alphonse alilitazama akasema ni la kwake.

Unajua ukoo wa marehemu mume wangu. Mtu aliyechukuliwa na ziwa haliliwi mpaka mjomba wake akate mgomba, na mgomba ule uzikwe mahali pake. Kabla ya hapo hajafa. Ukimlilia, umemwachia ziwa. Alphonse ndiye mkubwa wa ukoo sasa, na analinda jambo hili. Mjomba wa Roger ni wewe. Lakini siandiki kwa ajili hiyo.

Naandika kukueleza siku ya jana, kwa sababu ilikuwa mbovu tangu asubuhi na sina mtu mwingine wa kumweleza. Niliamka kichwa kizito, na upande mmoja wa koo ukikwaruza kama nimemeza mwiba wa samaki. Nilitia chumvi katika sombe, majani ya muhogo, nikasahau, nikatia tena. Georgette alikula akanyamaza. Nilipokwenda kuteka maji, kata ikaniponyoka mlangoni ikapasuka. Ni ile niliyoletewa na mama yetu.

Nikaenda pwani kuanika ndagala. Nilizitandaza vizuri. Halafu nikaona mvua inashuka kutoka Ubwari, inakuja juu ya maji, na wanawake wote wakaanza kukusanya zao. Mimi nilikaa nikaitazama mpaka ikanifikia. Constance, yule jirani wa upande wa kanisa, akaniita kwa nguvu.

"Mama Roger! Unaangalia nini? Ndagala yako inarudia mu maji!"

"Naona."

"Unaona, na umekaa? Ao uko mugonjwa?"

"Kichwa."

Akanisogelea na kitunga chake kichwani. "Macho yako iko nyekundu," akasema, akageuka kwanza kuona nani yuko nyuma. "Mama Roger, ulilia?"

"Ni mafua."

"Basi uko na bahati. Mafua inatoa mutu machozi na hakuna wa kumuuliza. Mi nikitaka kulia yangu, natafuta kitunguu."

Tulicheka kidogo. Ndagala zote zimeoza, nimewapa kuku.

Jioni Alphonse alipita. Huwa hakai, anasimama mlangoni na kunitazama machoni. Kabla hajauliza nikapiga chafya, na hiyo haikuwa ya kujitakia. Akasema, "Pole na mafua, Mama Roger," akaenda.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Roger alitoka na mafua. Siku ile alipiga chafya kutwa nzima, nikamwambia abaki, akasema mafua si ugonjwa. Georgette alimpelekea taa mpaka kwenye mtumbwi na bado alikuwa akijipangusa pua kwa mkono wa shati. Baadaye Georgette naye akashikwa, akalala nayo karibu juma zima. Sasa ni mimi. Kama koo hili ni mafua kweli, najua yametoka kwa nani.

Siku nzima ya jana nilikuwa nasikiliza mwili wangu kujua kama yanakuja au yanapita. Sikuchemsha majani. Sikujifunika. Nilitaka yaje.

Usije bado.

Dada yako,
Dorothée

*

Fizi, tarehe 9 Desemba 1956

Kwa Yaya Dorothée,

Barua yako ilikaa njiani kwa sababu daraja lilivunjwa na mvua na kamio zilirudi. Tunakusalimu sote. Nicolas wetu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hataki kusoma darasani kwa sauti. Pulchérie amepanda maharagwe karibu na nyumba, yanakwenda vizuri. Hapa mlimani ni baridi. Asubuhi hatuuoni mlango wa jirani kwa ukungu. Pole kwa kata ya mama. Naikumbuka, ilikuwa na alama ya moto ubavuni.

Nimempa Norbert majani ya mkaratusi. Chemsha konzi moja katika sufuria, jifunike blanketi, vuta mvuke mpaka jasho likutoke. Fanya hivyo jioni, usitoke nje baadaye.

Mimi pia nimeshikwa. Nami nikueleze siku yangu mbovu, tuwe sawa. Nilifika biro, ofisini kwetu, masikio yameziba. Bwana mkubwa alitaka barua moja na nakala yake. Nikaiweka karatasi ya kaboni kinyume, kwa hiyo nakala ikajiandika nyuma ya barua yenyewe. Nikaanza upya, nikapiga chafya juu ya karatasi. Mara ya tatu aliinuka mwenyewe akaja kusimama mbele ya mashine. "Bonaventure, nenda nyumbani kwako. Utatumaliza wote hapa." Karani mwenzangu Eugène akaniambia kwa Kibembe kwamba kama mafua yanapatia mtu ruhusa, nimkoholee naye.

Nikaenda nyumbani, nikakaa karibu na moto na koti langu la mvua. Sikuweza kusoma, sikuweza kulala. Niliomba chai, ikaja, nikaiacha ikapoa. Niliomba nyingine. Pulchérie alikuwa akichambua mchele, akamwambia mama mmoja aliyekuja kutusalimu: "Angalia huyu. Mwanaume akipata mafua, nyumba nzima inakaa matanga."

Yule mama alicheka. Pulchérie akalisikia neno “matanga” alilolisema mwenyewe, akashika ungo wake akatoka nje.

Yaya, Alphonse ameniita. Alimtuma Norbert mara ya kwanza, akamtuma tena. Anasema niende na panga, mgomba upo. Nimejibu kwamba nina mafua. Ni kweli, na biro nzima itashuhudia. Lakini mafua hayajamzuia mtu kupanda kamio, na Alphonse si mjinga.

Yeye anaona ni kazi ya kupiga panga mara moja. Mimi naona kwamba leo Roger hajafa, na kesho yake atakuwa amekufa, na katikati ya siku hizo mbili ni mkono wangu. Najua mambo hayaendi hivyo. Nimesoma, nimebatizwa. Hata hivyo nimeliondoa panga mahali nilipokuwa nikiliona kila siku.

Nimeamua hivi. Alphonse akiniita, nina mafua. Wewe ukiniita, nitakuja.

Mdogo wako,
Bonaventure

*

Baraka, tarehe 6 Januari 1957

Kwa mdogo wangu Bonaventure,

Heri ya mwaka mpya kwenu wote. Mwambie Nicolas kwamba hata wewe ulikuwa kibogoyo, na ulikuwa ukipiga miluzi kila ulipotaka kusema "samaki".

Majani yamefika. Yananukia vizuri. Nimeyaweka juu ya kabati.

Mafua yalikuja kweli, sikudanganyika. Yalinishika kichwa, pua na kifua. Sikukuu ya Noeli sikuimba, sauti haikuwapo. Nililala mchana mara nyingi, jambo ambalo Constance anasema hajawahi kuniona nikilifanya tangu tulipokuwa wasichana. Sasa nakohoa tu asubuhi na kupiga chafya mara kwa mara.

Mbuzi mdogo anakua. Tumepata kata nyingine, lakini maji yake yana harufu ya udongo.

Kuhusu yale mengine uliyoandika, karatasi imekwisha.

Dada yako,
Dorothée

*

Fizi, tarehe 28 Januari 1957

Kwa Yaya Dorothée,

Sote tunakusalimu. Maharagwe tumeyavuna.

Karatasi yako ilikuwa na nafasi nusu nzima chini ya jina lako. Siulizi. Nimeitazama tu.

Mimi nimepona. Alphonse bado hajui.

Mdogo wako,
Bonaventure

*

Baraka, tarehe 3 Machi 1957

Kwa mdogo wangu Bonaventure,

Salamu kwako, kwa Pulchérie na watoto. Georgette amejifungua. Ni mtoto wa kiume, mzito, ana masikio ya ukoo wetu, yale yaliyosimama. Mama na mtoto ni wazima. Maziwa yapo. Yule mbuzi tuliyemfuga tumemchinja kwa ajili ya waliokuja kuona mtoto.

Mtoto hana jina. Baba akiwa hai, hapewi la baba. Baba akiwa marehemu, ni lazima alichukue. Alphonse hataki kusikia jina lolote kabla mgomba haujakatwa. Padri aliuliza jina la ubatizo, Alphonse akajibu, "Bado." Padri akasema hawezi kumbatiza "Bado". Kwa hiyo watu wanamwita Mugeni, na Georgette hapendi. Juzi alimfokea mwanamke mmoja hapa mlangoni kwamba mtoto wake hakushuka kwa meli.

Nilitaka kuiacha barua hapa, lakini Georgette yuko mbele yangu ananyonyesha na anajua ninaandika kwako. Nikuandikie alivyoniambia.

Ilikuwa siku mbovu kama ile niliyokueleza mwaka jana. Mvua ilianza kabla hatujaamka. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ukajaa nyumba, mtoto akalia, uji ukaungua chini. Nilikuwa nimeinama juu ya sufuria, macho yananitoka maji, na nikamsikia Alphonse akipita nje akizungumza na mtu. Nikapiga chafya. Nikapiga nyingine.

Georgette alingoja mpaka Alphonse amepita. Akasema, "Mama, mafua yako iliisha zamani."

"Bado kidogo."

"Hapana, Mama. Iliisha. Chafya ya kweli inakamata mutu. Yako unaitafuta."

Nikapuliza moto. Akaendelea, taratibu, akimbadilisha mtoto upande. "Unafikiri sikuona majani ya mjomba juu ya kabati? Naonaka kila siku napanguza vumbi. Nilijua sababu. Na mi nilijaribu. Nilikuwa nalala bila kujifunika, kusudi isiishe. Iliisha tu. Kwangu iliisha mbele ya yako."

"Ulijua ni ya Roger?"

"Mama, nililala naye kitanda kimoja. Nani angenipa mafua, padri?"

Moshi ulikuwa bado umejaa. Halafu akauliza: "Mi niko mujane, ao niko bibi ya mutu?"

Nikasema sijui.

"Na we ukikosa kujua, nitauliza nani? Nikipita njiani, bamama banakata maneno. Siwezi kunyoa nywele, siwezi kwenda Lubondja kusalimia mama yangu, siwezi kuita mutoto wangu. Sisemi Roger atoke mu roho. Nasema tu batu baniambie nimukalie namna gani, mujane ao bibi."

Mimi nimemzaa Roger, na kwa miezi yote hii nilidhani kungoja ni kazi yangu peke yangu. Nilimtazama Georgette. Bado msichana, na nywele zake zimesokotana kama nyasi.

Bonaventure, mafua yamekwisha. Yalikwisha kabla ya mwezi wa pili kuanza. Sina kitu kingine cha Roger ambacho bado kinaendelea, ila huyu mtoto, na huyu ana haki ya kuitwa.

Njoo. Ninayekuita ni mimi, si Alphonse. Leta panga lako, la hapa limeingia kutu.

Dada yako,
Dorothée

*

Fizi, tarehe 12 Machi 1957

Kwa Yaya Dorothée,

Nimeomba ruhusa, nimepewa. Nitashuka Jumamosi na Norbert, kama daraja litakubali. Pulchérie anakuletea kata. Aliichagua yeye mwenyewe, usimwambie kama harufu si nzuri.

Panga nimelinoa.

Mdogo wako,
Bonaventure

*

Baraka, tarehe 20 Aprili 1957

Kwa mdogo wangu Bonaventure,

Natumaini mlifika salama, na kwamba Norbert hakuwaacha tena porini akitafuta maji ya kumimina katika mashine. Georgette anawasalimu. Amenyolewa, kichwa chake ni kidogo kuliko nilivyofikiri. Kata ya Pulchérie haina harufu kabisa, mwambie. Padri amembatiza mtoto Jumapili iliyopita: Roger. Alilia maji yalipomgusa, na Alphonse, ambaye hakuwa amecheka tangu mwaka jana, alicheka.

Shati lako: mwambie Pulchérie asilisugue. Utomvu wa mgomba hautoki kwa sabuni wala kwa chumvi, unazidi kuwa mweusi. Alifanye la shamba.

Najua ulinikasirikia siku ile ya mgomba. Hukusema, lakini ulipokuwa ukipanda kamio ulinishika mkono ukautazama badala ya kunitazama mimi. Ulikata mgomba, ukapiga mara moja kama Alphonse alivyotaka, ukasimama pale na maji ya shina yakikutiririka mpaka kiunoni. Wakauviringisha katika kikwembe changu cha kuvaa, wakaushusha kaburini. Alphonse akasema, "Sasa lieni." Na watu wakalia, Bonaventure. Wewe ulilia. Constance alijitupa chini. Wanaume waliokuwa katika mitumbwi usiku ule walilia wamesimama pamoja, wametupa mgongo. Georgette ilibidi wamshike.

Na mimi sikulia. Watu walinitazama wakingoja, kwa sababu mama ndiye anayeanza, nami nilikuwa nikitazama shati lako na kufikiri jinsi utomvu unavyoharibu nguo. Macho yangu yalikuwa makavu kama ya samaki wa juani. Pua pia. Nilivuta hewa ikapita pande zote mbili bila shida, na hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna kitu kilichobaki. Nilisema moyoni: nimejificha miezi mitano ili nilie, na siku niliyopewa nimekosa.

Niliona ni vizuri ujue hilo, usifikiri nina moyo mgumu.

Sasa habari ya jana. Ilikuwa siku nzuri. Jua lilitoka mapema, ndagala zilikuwa nyingi na bei haikuwa mbaya. Nilizitandaza karibu na za Constance. Georgette alikuja nyuma yangu na mtoto mgongoni. Ni mara yake ya kwanza kufika pwani tangu ajifungue. Upande wa Ubwari mawingu hayakuwapo. Nilikuwa mzima, siumwi kichwa, siumwi koo, nimekula.

Constance akaita kutoka mbali: "Mama Roger!"

Nikainua kichwa, nikaitika.

"Hapana we, Bibi," akasema, anacheka, mikono imejaa. "Naita Mama Roger. Aniletee huyu mutoto nimuone."

Hakuwa na ubaya wowote. Ndivyo inavyokuwa, hata mimi niliwaita wengine hivyo. Georgette akaitika nyuma yangu, "Ndiyo, Mama Constance," akapita karibu nami akaenda, na mtoto akageuza shingo kunitazama.

Nikainama kugeuza ndagala. Nilizigeuza ambazo nilikuwa nimeshazigeuza. Sikuona vizuri nilichokuwa nakifanya.

Constance alikuja baadaye kuchukua kitunga chake. Akasimama, akaangalia uso wangu, akashusha sauti kama zamani, ingawa sasa hakuna tena wa kumsikiliza.

"Iko nini? Mafua imerudi?"

"Hapana," nikamwambia.

Akaweka kitunga chini, akakaa karibu yangu mchangani, na ndagala zangu zilizobaki akazigeuza yeye.

Dada yako,
Dorothée